Nimepanda ndege inayoingia ndani ya kimbunga… ikiwa imeegeshwa!

Ukitaja Florida kijiweni, akili za washkaji wote zinakimbilia Miami. Ufukwe, magari yasiyo na paa, na warembo waliovaa nusu ya nguo. Leo, msomaji wangu, sikupeleki huko. Nakupeleka Lakeland, mji ambao hata baadhi ya Wamarekani ukiwatajia wanakuuliza, "Ndiyo wapi huko?"

Lakeland uko kati ya Tampa na Orlando, kandokando ya barabara kuu inayoitwa I-4. Kutoka Tampa ni kama kilometa 55, na siku isiyo na foleni unafika kabla hujamaliza soda. Hauna bahari. Una maziwa madogo madogo kila kona, na katikati ya mji liko moja linaloitwa Lake Morton. Hapo wamejaa mabata maji meupe yenye shingo ndefu, wanatembea kwa maringo kama wana hisa kwenye mji. Na kweli wana haki ya kuringa. Jozi iliyoanzisha ukoo huo ilitolewa zawadi na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza mwaka 1957. Mtu asiwasogelee sana, wale ni watu wa ikulu.

Lakini mimi sikufunga safari kwenda kutazama mabata. Kilichonipeleka ni uwanja wa ndege wa mji huo, Lakeland Linder. Tangu mwaka 2017 ndipo yalipo makao ya ndege za NOAA, lile shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na bahari na hali ya hewa. Ndege hizi zina kazi ambayo ukimwelezea bibi yako atakuambia umelogwa. Kimbunga kikitokea baharini, ndege zote duniani zinakikwepa. Hizi zinakifuata. Zikikipata, zinaingia ndani, zinatokea upande wa pili, halafu zinageuka na kuingia tena.

Mwenyeji wangu alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Tampa na kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe ni dereva wa lori kubwa. Kila mwaka mwezi wa nne hapo Lakeland kuna maonyesho makubwa ya ndege yanayoitwa Sun 'n Fun. Basi asubuhi moja shemeji akaniambia, "Shem, vaa viatu vya kutembelea. Leo nakupeleka ukaone vichaa wa Kizungu." Tiketi alilipa yeye, bei sisemi nisije nikawatibua wenye ukapa wenzangu.

JINA LAKE NI KERMIT

Nilitegemea kukuta ndege ya ajabu ajabu, ya chuma kitupu, yenye pua kama mkuki. Wapi! Nimekuta ndege nyeupe ya kizamani yenye injini nne za mapangaboi. Aina yake ni P-3 Orion, ndugu wa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini kusaka nyambizi. NOAA wanazo mbili, moja ilianza kazi mwaka 1975 na nyingine 1976. Yaani hizi ndege zina umri wa baba yako, na bado zinapigana.

Majina yake sasa ndiyo utacheka. Ya kwanza inaitwa Kermit, ya pili Miss Piggy. Ndiyo, yule chura wa kijani na yule nguruwe wa kike kwenye vikaragosi vya Muppets. Ipo na ya tatu, ndege ndogo ya jeti aina ya Gulfstream, inaitwa Gonzo kwa sababu pua yake imevimba kama ya kikaragosi huyo. Pembeni ya mwili wa hizi P-3 wamebandika vibandiko vingi vyenye majina ya vimbunga. Kila kimbunga ilichoingia, kibandiko kimoja. Kama vile fundi wa mtaani anavyobandika ukutani picha za maharusi aliowashonea.

Tulipanga foleni, jua linawaka kama la Dodoma, mpaka zamu yetu ikafika tukapanda ngazi. Ndani hakuna viti vya abiria kwa mistari. Kuna meza za kompyuta, skrini, waya, na viti vyenye mikanda inayopita mabegani, ile ya kukufunga mpaka ushindwe kukohoa. Kuna na kijiko kidogo, kwa maana safari moja inaweza kuchukua saa nane au zaidi, na ndani wanakuwemo watu kama 15 mpaka 20: marubani, mafundi, wanasayansi. Mkononi kila kitu kina pa kushikilia. Nikajua hapa watu hurushwa.

Nikaangalia sakafuni, nikaona bomba la kudondoshea vitu. Nikadhani ni mambo ya mabomu, shemeji akacheka mpaka watu wakageuka. Kumbe pale ndipo moyo wa biashara yote ulipo.

KWA NINI UINGIE?

Swali la kwanza la kila Mswahili ni hilo. Si kuna setilaiti? Si wanapiga picha kutoka juu?

Wanapiga. Ila setilaiti inaona kichwa cha kimbunga, haioni miguu. Inaona mawingu ya juu yanavyozunguka. Upepo unaomng'oa mtu bati uko chini, karibu na maji, na kutoka angani unakisiwa tu. Ni kama kukisia uzito wa mtu kwa kuangalia kofia yake. Unaweza kupatia, unaweza kukosea vibaya.

Kwa hiyo wanapofika ndani wanadondosha kile chombo kinachoitwa dropsondi. Ni bomba jepesi, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, lenye kiparachuti. Likitoka ndani ya ndege linashuka hadi baharini, na njia nzima linapima joto, unyevunyevu, mgandamizo wa hewa na upepo, na kutuma habari kwa redio. Dakika chache tu, likigusa maji kazi yake imekwisha. Halirudi. Kimbunga kimoja kinaweza kumeza madropsondi kwa makumi.

Mkiani mwa ndege kuna rada inayochora kimbunga kwa ndani, kama daktari anavyopiga eksirei. Kuna pia kifaa kinachotazama povu la bahari. Upepo ukizidi, povu linazidi, nacho kinakadiria mwendo wa upepo kutokana na povu hilo. Vyote hivyo vinakwenda kwenye kituo cha taifa cha vimbunga kilichopo Miami, na kwenye zile kompyuta kubwa zinazotabiri.

Gonzo yeye hajipeleki kifuani kwa mtu. Anaruka juu sana, mpaka futi 45,000, akikizunguka kimbunga na kudondosha dropsondi zake. Sababu ni kwamba kimbunga hakina dereva. Kinasukumwa na pepo kubwa zinazokizunguka, kama jani linavyopelekwa na mto. Ukitaka kujua jani litakwama wapi, usiliangalie jani tu, uangalie na mto.

NOAA hawako peke yao. Kule Biloxi, jimbo la Mississippi, kuna kikosi cha 53 cha jeshi la anga, askari wa akiba wenye ndege kumi aina ya WC-130J. Hao ndio wanaokwenda mara nyingi zaidi, zamu kwa zamu, kukitafuta kitovu cha kimbunga na kusema kipo hapa, kina nguvu hizi. Watu wa Lakeland wanaongeza utafiti: kwa nini kimekua, kitakua tena?

Na ndege haivunjiki? Hilo lilinitesa. Maelezo niliyopewa na jamaa mmoja wa pale ndani ni mepesi. Upepo wa kimbunga, hata uwe mkali vipi, mwingi unakwenda ubavuni, upande mmoja. Ndege iko ndani ya hewa hiyo, inasukumwa nayo, kama mtumbwi unaovuka Rufiji: mpiga kasia anauelekeza juu kidogo ili maji yasimpeleke chini. Hatari ni pale upepo unapobadilika ghafla, unapanda juu kama lifti au unashuka kama jiwe. Hayo yanapatikana kwenye ukuta wa jicho, duara la mawingu linalozunguka kitovu. Ukiupita ukuta huo, unatokea kwenye jicho lenyewe, na kwenye vimbunga vikali kunaweza kuwa shwari kabisa. Jua linawaka, juu anga la bluu, pande zote ukuta wa mawingu umesimama kama majukwaa ya uwanja wa mpira. Hata ndege wa baharini, hawa wenye manyoya, hunaswa humo wakawa wanazunguka tu.

SIKU KERMIT ALIPOPONEA CHUPUCHUPU

Hii kazi ilianza kwa ubishi, kama ubishi wetu wa Simba na Yanga. Tarehe 27 Julai 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kimbunga kilikuwa kinasogea kwenye pwani ya Texas, maeneo ya Galveston. Kwenye kambi ya Bryan Field marubani wa Kiingereza waliokuwa wanajifunza waliambiwa ndege zao ndogo za mazoezi zitahamishwa. Wakaanza kuzidharau: ndege gani hizi zinaogopa upepo? Mwalimu wao, Kanali Joseph Duckworth, ikamuuma. Akachukua ndege ileile ya mazoezi, AT-6, yenye injini moja, akampakia mwongozaji wake Ralph O'Hair, wakaenda wakaingia ndani ya kimbunga, wakarudi. Alipotua, ofisa wa hali ya hewa wa kambi akasema na mimi nataka. Akampeleka pia! Siku moja, mara mbili.

Lakini usidhani ni mchezo wa siku zote. Tarehe 26 Septemba 1955 ndege ya jeshi la majini la Marekani iliingia kwenye kimbunga Janet, bahari ya Karibi, ikiwa na wanajeshi tisa na waandishi wa habari wawili wa Kanada. Haikuonekana tena. Kwa jumla ndege sita za kazi hii zimepotea, nyingi kwenye vimbunga vya bahari ya Pasifiki, na watu 53 walikwenda nazo. Ya mwisho ilikuwa mwaka 1974. Nilipoambiwa kuhusu wale waandishi wawili, msomaji wangu, kalamu ilinitetemeka mfukoni.

Na huyu Kermit niliyempanda mimi ana kisa chake. Tarehe 15 Septemba 1989 aliondoka Barbados na watu 16 kwenda kukutana na kimbunga Hugo. Hakuna ndege iliyokuwa imekiingia bado. Makisio yaliyokuwepo yalisema kina nguvu za wastani, kwa hiyo wakaamua kuingia chini kabisa, futi 1,500 tu, kama mita 450 juu ya maji. Walipofika ukutani wakakuta siyo. Hugo alikuwa daraja la 5, la juu kabisa.

Ndege ikarushwa huku na kule kama dafu kwenye mkokoteni. Vitu vilivyofungwa vikang'oka, hadi boti ya mpira ya kuokolea ikaruka ndani. Injini moja kati ya nne ikawaka moto. Wakaporomoka hadi chini ya mita 300 kutoka majini kabla rubani hajaishika ndege. Ghafla wakatokea kwenye jicho. Kimya. Jua. Wako hai, wana injini tatu, na wamezungushiwa ukuta uleule uliotaka kuwaua. Kutoka lazima wapite tena!

Walifanya nini? Walizunguka ndani ya jicho kama saa nzima, wakimwaga mafuta ili wawe wepesi na kupanda juu polepole. Jirani kulikuwa na ndege ya jeshi la anga. Ikaja kuwakagua kwa nje, kisha ikawa inapita ukutani yenyewe, inajaribu hapa na pale kutafuta sehemu yenye afadhali. Ilipoipata ikawaita. Kermit akafuata, akatoka, akatua salama Barbados. Tangu hapo wakajifunza kutokuingia chini namna ile.

Tafakari hapo. Kilichotaka kuwaua wale watu ni makisio. Walifikiri Hugo ana nguvu hizi, kumbe ana zile. Sasa kama wenye ndege, rada na kila kitu walidanganywa na makisio kwa siku moja, je, mama aliyekaa nyumbani kwake pwani, anasubiri redio imwambie ahame au asihame?

DADA ALIVYOHAMA

Jioni tuliporudi Tampa, wali na maharage ya nazi mezani, dada ndipo akanieleza yake.

Pale kwao kila mtaa wa karibu na maji umepewa herufi. A ndiyo wa kwanza kuambiwa hameni. Wao walikuwa A, chumba cha chini, kodi nafuu kidogo. Mwishoni mwa Septemba 2024 ikaja Helene. Jicho lake lilipita mbali, baharini kabisa, likaenda kugonga kaskazini mwa jimbo usiku wa tarehe 26. Lakini maji yalipanda kwenye ghuba ya Tampa kuliko watu walivyowahi kuona. Yakaingia ndani kwao. Zulia, kochi, godoro, vyote nje barabarani, mtaa mzima marundo.

"Hatujamaliza hata kukausha," dada akasema, "tunasikia kuna mwingine."

Huyo mwingine ni Milton. Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 2024 huko magharibi mwa Ghuba ya Mexico. Tarehe 7, ndani ya siku moja, alipanda kutoka daraja la 1 hadi la 5, upepo wa kilometa 285 kwa saa. Basi la mikoani likifika 100 abiria wanaanza kusali, sasa piga hesabu mwenyewe. Ndege za jeshi na za NOAA ndizo zilizokuwa humo ndani zikisoma namba hizo. Na njia ilielekea palepale, Tampa Bay. Meya wa Tampa, Jane Castor, akasimama kwenye televisheni akasema waziwazi kuwa atakayebaki kwenye maeneo ya kuhama atakufa. Hakuzunguka maneno.

Nikamuuliza dada, mliogopa?

"Mdogo wangu, kuogopa ni baadaye. Kwanza unatafuta petroli."

Wakapakia watoto, vyeti, picha ya mama mkubwa, wakaingia barabarani kuelekea Georgia. Barabara imejaa, vituo vya mafuta vimekauka. Shemeji na udereva wake wote wa lori anasema hajawahi kuona foleni ile. Usiku wa tarehe 9 Milton akatua. Akatua Siesta Key, karibu na Sarasota, kama kilometa 100 kusini mwa Tampa, akiwa ameshuka hadi daraja la 3.

Kwa Tampa ikawa kinyume. Upepo ukavuma kutoka nchi kavu, ukayasukuma maji ya ghuba yakarudi baharini. Ile gharika iliyoogopwa haikuja. Mvua ilipiga kweli, uwanja wa besiboli jirani pale St. Petersburg ukachanwa paa, na upande wa pili wa jimbo vimbunga vidogo vya nchi kavu vikaua watu. Lakini kwenye nyumba ya dada, safari hii, hakuna tone.

"Majirani wengine waliporudi wakaanza," shemeji akadakia. "Oo, tumekimbia bure, wametutisha, petroli yetu nani atalipa."

Dada akaweka kijiko chini. "Bure? Kawaulize Sarasota kama ni bure. Ni sisi au wao. Nani alikuwa anajua?"

Hapo nikamwelewa yule Kermit na Gonzo wake. Kilometa 100 kwenye bahari ni kitu gani? Ni kama Dar kwenda Chalinze. Ila hizo ndizo zinaamua nani anapoteza nyumba. Ndege inaingia kule ili kupunguza hizo kilometa, ili siku moja aambiwe ahame yule anayepaswa kuhama tu. Hawajafika huko. Kila dropsondi inayozama inawasogeza kidogo.

Na zipo siku ndege ndiyo iliyoona wakati kompyuta zimelala. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilikuwa kinaelekea Acapulco, Mexico. Utabiri ulisema ni cha kawaida tu. Mchana wa tarehe 24 ndege ya jeshi la anga ikaingia, ikakuta kimevimba kupita kiasi. Usiku huohuo kikatua, daraja la 5. Watu walipata saa chache tu za onyo, na wengi walikufa. Bila ile ndege hata hizo chache zisingekuwepo.

Kabla sijahama kwa Milton, kuna jambo dada alilisoma akalikumbuka mpaka leo. Tarehe 8 Oktoba, Miss Piggy alipokuwa ndani yake, alidondosha bomba moja tofauti na mengine. Ndani yake kulikuwa na majivu ya Peter Dodge, mwanasayansi wa rada wa NOAA, aliyezaliwa 1950 na kufariki 2023. Maisha yake yote ya kazi aliingia kwenye jicho la kimbunga mara 386. Wenzake wakaona asiachwe. Wakampeleka mara ya 387, na kwenye ripoti rasmi ya kimbunga siku ile wakaandika jina lake na hesabu hiyo. Wazungu na majivu ni mambo yao, lakini mimi ilinigusa.

NA KWETU JE?

Dada akaniuliza, "Hivi ule Hidaya wenu ulikuwaje?"

Kwanza tuwekane sawa, msomaji. Harikeni ya Marekani, taifuni ya Japani na saikloni ya kwetu ni jamaa yuleyule, majina tu. Tofauti wao kinazunguka kinyume cha mshale wa saa, chetu kinazunguka kama mshale. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako haviwezi kujizungusha vizuri, vinatupitia mbali mara nyingi. Mara nyingi, siyo zote. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Aprili 1952 kiliipiga Lindi. Na Mei 2024 akaja Hidaya.

Kwetu huku Bahari ya Hindi hakuna Kermit. Hakuna ndege zinazokwenda kila msimu kuingia kimbungani. Kituo cha Wafaransa kisiwani Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa yetu, TMA, inatoa tahadhari kwa wananchi. Nguvu ya kimbunga inakadiriwa zaidi kwa kutazama umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti, mbinu aliyoibuni Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970. Ni mbinu nzuri, imeokoa wengi. Ila ni ile ile ya kofia na uzito wa mtu.

Hidaya alipokaribia, TMA walisema. Boti za Zanzibar zikasimama. Usiku wa tarehe 4 Mei akafika Mafia akiwa ameshapungua nguvu. Kesho yake vijiweni Dar vicheko: "Kimbunga gani kile, kama feni mbovu!" Waliocheka walikuwa Dar. Huko kusini mvua ilifanya yake, barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga, abiria wakalala njiani.

Miaka mitano kabla, Aprili 2019, Kenneth alikuja hivyohivyo. Mtwara shule zilifungwa, watu wakaambiwa waondoke maeneo ya hatari. Kikatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua makumi ya watu. Mtwara wengine wakasema tulitishwa bure. Ni maneno yaleyale ya majirani wa dada kule Tampa, Kiswahili tu ndicho kilichobadilika.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Wenzetu wana ndege tatu na askari wa kikosi kizima, wanaingia tumboni mwa kimbunga usiku na mchana, na bado Milton aliwakwepa kwa kilometa 100. Sisi tunaokitazama kutoka juu tu, tunategemea TMA wapatie hadi mtaa? Watakosea, tena kwa kilometa nyingi zaidi. Tahadhari ya kweli ndivyo ilivyo. Inamhamisha na asiyehusika, kwa sababu hakuna anayejua nani anahusika mpaka asubuhi.

Kwa hiyo siku ukisikia redioni kuwa wavuvi wasitoke na watu wa mabondeni wasogee, sogea. Chukua vyeti, chaji simu, weka maji. Kikipita mbali rudi nyumbani ule chakula chako, umshukuru Mungu, na usimtukane mtu wa hali ya hewa. Kukimbia bure kunauma mfuko, lakini mfuko hupona.

Na ukipata zali la kwenda Florida, pita Lakeland mwezi wa nne, umsalimie Kermit akingali kazini. NOAA wameshaagiza ndege mpya mbili aina ya C-130J zije kupokea zamu ya hao wazee ifikapo 2030. Mabata ya malkia nayo yapo, kuyatazama ni bure.

Wiki ijayo panapo majaliwa. Tchao!